Ushiriki na Ushirikishwaji: Kazi ya Umma katika Maandishi ya Kiswahili, kutoka Lubumbashi hadi Patata

Utangulizi

Suala la maendeleo limejadiliwa sana katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, lakini aghalabu limejadiliwa kama maudhui tu. Mhakiki huuliza kama mwandishi ameliunga mkono Azimio la Arusha au amelikosoa, kama mhusika mkuu ni mjenzi wa jamii mpya au ni kupe, kisha hufunga daftari lake. Suala la kazi yenyewe, yaani ni nani anayeiagiza, ni nani anayeifanya, ni nani anayehesabu siku, na inaitwa kwa jina gani, limeachwa kando. Makala haya yanakusudia kulitazama suala hilo kwa kupitia maandishi ambayo kwa kawaida hayawekwi katika rafu moja: historia iliyopigwa taipu mjini Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1965, mchezo wa kuigiza wa kundi la Mufwankolo wa mwaka 1986, tamthilia ya Nguzo Mama ya Penina Muhando (1982), na mwishoni jina la mradi mmoja ulioanza kazi katika vijiji vya mashariki ya Kongo mwaka 2007.

Kuanzia Katanga kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili cha Katanga kimekuwa yatima katika taaluma yetu ya Kiswahili. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili ilihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji ilibaki nje ya mlango. Tangu hapo kilichosemwa na kuandikwa upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika kimeelekea kutazamwa kama lahaja ya sokoni, na si kama lugha inayoweza kubeba fikra. Sababu ya pili ni kwamba watu wa sehemu hizo wameitwa katika kazi ya umma chini ya kila utawala uliopita, na kwa hiyo wana mengi ya kusema juu ya mwito huo.

Chukua mfano wa Pweto, mji mdogo uliopo pale Mto Luvua unapotoka katika Ziwa Mweru, mpakani na Zambia. Wabwile ni miongoni mwa wenyeji wake, lakini lugha ya soko, ya gati na ya mkutano wa hadhara ni Kiswahili. Mnamo Desemba 2000 mji ulitekwa na waasi wa RCD-Goma pamoja na jeshi la Rwanda, na maelfu ya watu wakakimbilia Zambia. Oktoba 2004 wanajeshi wa serikali waliwaua raia wengi katika mji wa Kilwa, ambao ni bandari ya ziwani ndani ya eneo hilohilo la Pweto. Miaka michache baadaye eneo lote lililo kati ya Pweto, Mitwaba na Manono likapewa jina la pembetatu ya kifo kwa sababu ya vita vya Mai-Mai Bakata Katanga. Kila baada ya msiba wa namna hiyo hurudi mwito uleule: wananchi waijenge upya shule, waifyeke barabara, wachimbe visima. Mwito huo ni wa zamani kuliko msiba wowote kati ya hii.

Neno lenyewe

Katika sheria za Kongo ya Wabelgiji, amri ya tarehe 5 Desemba 1933 iliwaruhusu watawala kudai siku 60 za kazi kwa mwaka kutoka kwa watu wa vijijini. Mwaka 1942, katika jitihada za vita, siku hizo zilipandishwa hadi 120. Sehemu kubwa ya kazi hizo, hasa kilimo cha lazima, iliitwa katika lugha ya sheria kazi za kuelimisha. Mtu aliyelazimishwa kulima pamba alihesabiwa kuwa mwanafunzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, chini ya chama cha MPR, kazi ya umma ikarudi kwa jina la Kilingala, salongo, neno lenye mnasaba na kitenzi kosala, kufanya kazi. Mara hii mfanyaji hakuwa mwanafunzi tena, alikuwa mwananchi mzalendo. Jembe halikubadilika.

Hali hiyo si ya Kongo peke yake. Kenya ilikuwa na harambee, Rwanda umuganda, na Tanzania, tangu siku za wito wa Uhuru na Kazi, ilikuwa na kujitolea na kujitegemea, bila kusahau msaragambo wa Upare, ambao ulikuwapo kabla ya wito wowote wa serikali. Kila neno kati ya haya lilianza na heshima yake. Lakini maneno yana historia kama watu. Harambee ilipogeuka kuwa uwanja wa wanasiasa kuonyeshana mabunda ya fedha, ilibidi Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003 iwazuie watumishi wa umma kutumia vyeo vyao kuchangisha. Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 1983 iliyojulikana mitaani kwa jina la Nguvukazi iliwaacha wakazi wengi wa miji wakilihusisha neno hilo na msako na lori la kurudishwa shamba.

Neno linalotawala leo katika ripoti na semina ni ushirikishwaji. Wanaisimu watakubali kwamba neno hili limejieleza lenyewe kwa uaminifu kuliko wanavyolitaka wanaolitumia. Kitenzi cha awali ni shiriki: mtu anashiriki ngoma, anashiriki mazishi, na yeye ndiye mtendaji. Ukiongeza kiambishi cha usababishi, unapata shirikisha: mtu mwingine anakufanya ushiriki. Ukiongeza kauli ya kutendwa, unapata shirikishwa, na hapo mtendaji ametoweka kabisa katika sentensi. Anayebaki ni jamii, ambayo imetendwa. Kwa hiyo anayeandika kwamba mradi umezingatia ushirikishwaji wa jamii hajasema kwamba jamii imeshiriki. Amesema kwamba kuna mtu, ambaye hakutajwa, aliyeifanya ishiriki. Kujitolea, pamoja na dhambi zake zote, kulikuwa na kiambishi -ji- kilichomrudishia mtendaji kazi yake na matunda yake, walau katika sarufi.

Katika Kiswahili cha Lubumbashi kuna tofauti nyingine inayostahili kuangaliwa. Mtu wa huko haambii wenzake kwamba anafanya kazi Gécamines. Husema anatumika Gécamines. Kutumika ndiyo kufanya kazi. Sikio la Kiswahili sanifu hushtuka hapo, kwani kwake kinachotumika ni kifaa: kalamu, jembe, gari. Mwalimu wa lugha angeweza kulisahihisha neno hilo kwa wino mwekundu na kuendelea na somo. Lakini mzizi wake ni -tum-, ule wa kutuma na mtumishi, na mtu aliyekulia katika mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya migodi ya shaba, ambamo kazi ya mshahara ilikuwa maana ya kutumwa na kuamriwa na mwingine, hakukosea sarufi. Lugha yake imehifadhi kumbukumbu ya namna kazi ilivyoingia. Msemaji wa kawaida halifikirii jambo hilo anapozungumza, wala haitakiwi alifikirie. Inatosha kwamba msamiati wake haukuificha nafasi ya anayetuma.

Sauti ya watumishi wa Elisabethville

Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini Elisabethville kilitoa maandishi yaliyopigwa taipu, kurasa zipatazo thelathini na ushei, yenye kichwa cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Mwandishi aliitwa André Yav. Maandishi hayo yangeweza kupotea kama karatasi nyingine za vyama vya miji, lau Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti wa muda mrefu Katanga, asingeyachapisha mwaka 1990 katika kitabu chake History from Below, kwa msaada wa Kalundi Mango na pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho.

Kichwa chake ni kitendawili. Hakuna orodha ya maneno ndani yake. Kuna historia ya mji kama ilivyoonekana kutoka jikoni na uani: kufika kwa Wazungu, kuanzishwa kwa mji, makampuni, vita, mabwana na watumishi wao, uhuru na matatizo yake. Si historia ya magavana, ingawa magavana wamo. Wanaosimulia ni wale waliopika, waliofua, waliofungua mlango na kusikia yaliyosemwa mezani, na ambao hawakuhesabiwa kuwa na masikio.

Kwa mhakiki, jambo la kuvutia zaidi ni umbo lake. Maneno hayakutenganishwa kwa kanuni za tahajia tuzijuazo. Mengine yameunganishwa, mengine yamekatwa katikati, na alama za uakifishaji hazimsaidii msomaji sana. Fabian alieleza kwamba ilibidi Kalundi Mango ayasome kwa sauti ndipo maana ijitokeze, yaani maandishi yarudishwe kwanza katika mazungumzo. Mtu aliyefunzwa katika shule ya sanifu huona hapo upungufu. Lakini yaelekea ni sahihi zaidi kusema kwamba maandishi hayo yalitungwa kwa ajili ya kusomwa mbele ya wengine, na kwamba msikilizaji ni sehemu ya matini. Asiyekuwapo kusikiliza ana nusu tu ya kitabu.

Hapa ndipo inapofaa kurudi kwenye mada ya ushiriki. Watumishi hao hawakushirikishwa na yeyote. Hapakuwa na mradi wa kuhifadhi urithi, hapakuwa na semina, wala mtaalamu wa kutoka nje aliyewakusanya chini ya mwembe na kuwagawia karatasi. Chama chao kiliamua kwamba historia ya mji ni kazi ya umma inayostahili kufanywa, kama vile kuchimba mfereji, na kikaifanya kwa lugha kiliyokuwa nayo. Uhakiki wa Kiswahili umeandika mengi kuhusu fasihi ya umma na fasihi kwa ajili ya umma. Huu ni mfano adimu wa maandishi yaliyotolewa na umma kwa jina la umma, na ni nadra kuukuta katika mitaala yetu ya fasihi. Sababu inayotolewa, pale inapotolewa, ni kwamba lugha yake si Kiswahili hasa. Sababu hiyo ina ladha ya amri ya 1933: kwamba watu waelimishwe kwanza, ndipo kazi yao ihesabiwe.

Ni kweli kwamba hoja hii isivutwe mno. Kitabu kinachosomwa leo ni cha Fabian, kimechapishwa Amsterdam na Philadelphia, kwa bei ambayo mstaafu wa Kamalondo hawezi kuimudu. Watumishi waliandika, na msomi wa nje akachapisha. Hata hivyo matini yenyewe, pamoja na tafsiri, imewekwa hadharani katika hazina ya maandishi ya Kiswahili ya Kongo, na udhuru wa kutoyapata haupo tena.

Kawama na Malya

Mji huohuo ulizaa mchezo wa kuigiza ulio karibu zaidi na mada hii. Kundi la Mufwankolo, jina la kisanii la Odilon Kyembe Kaswili, lina mizizi yake katika kundi la vichekesho la Jecoke, vijana wachekeshaji wa kitongoji kiitwacho Kenya mjini Lubumbashi, na lilijulikana sana kwa michezo yake ya redio na televisheni katika Kiswahili cha mji. Mwaka 1986 lilitunga mchezo uitwao Le pouvoir se mange entier, yaani madaraka huliwa mazima. Asili ya mchezo ilikuwa mezani. Fabian alipewa firigisi ya kuku, heshima ya mgeni, na msemo huo ukatajwa. Akawauliza rafiki zake waigizaji maana yake. Badala ya jibu la sentensi moja walimpa mchezo mzima. Hapakuwa na hati iliyoandikwa. Waigizaji walijadiliana, wakabishana, wakagawana nafasi, wakajaribu, kisha mchezo ukarekodiwa kwa ajili ya televisheni katika kijiji cha Kawama, nje ya Lubumbashi. Fabian aliueleza mchakato huo katika kitabu chake Power and Performance (1990).

Thamani ya mchezo huo kwa suala la kazi ya umma haimo katika fundisho lolote. Imo katika mabishano yaliyoutangulia. Je, madaraka huliwa mazima kwa maana kwamba hayagawanywi, au kwa maana kwamba anayeyala hana budi kuyala pamoja na mifupa yake, yaani lawama na wajibu? Na kama yanaliwa, nani alilima? Nchi ilikuwa katika mwaka wa ishirini na moja wa utawala wa Mobutu. Mabishano kama hayo, yakifanywa kwa vicheko juu ya mtemi wa kijiji asiyekuwapo duniani, yalikuwa salama kiasi cha kupitishwa na televisheni ya taifa, na yalikuwa wazi kiasi cha kueleweka na kila aliyewahi kuitwa kwenye salongo.

Miaka mitatu au minne kabla ya hapo, maili nyingi mashariki, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa Malya, wilayani Kwimba, katika mradi wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo wa mwaka 1982 na 1983. Njia yao inajulikana: kukaa na wanakijiji, kutafiti matatizo pamoja nao, kuyaumba matatizo hayo katika ngoma, ngonjera na michezo ya kienyeji, kuonyesha, kisha kujadili. Mlama aliieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1991, Culture and Development. Mahali penyewe palifaa. Usukuma ni nchi ya bugobogobo, ngoma ya majembe, ambamo kulima na kucheza havikuwahi kutenganishwa, na ambamo vyama vya kulimiana vilikuwa na watunzi wao na mashabiki wao.

Uhakiki mwingi umeuweka mradi wa Malya juu ya fasihi ya kampeni iliyoutangulia, na uamuzi huo ni wa haki. Ngonjera zilizokaririwa katika hafla tangu mwisho wa miaka ya 1960 zilimpa mwananchi nafasi ya kuitikia tu. Sera ilikwisha kupitishwa, kilichobaki kilikuwa kuiimba. Kwa upande wa Zaire, vikundi vya ngoma vya kuhamasisha umma vya MPR vilifanya vivyo hivyo, kwa jasho zaidi. Malya ilimpa mwanakijiji nafasi ya kutaja tatizo lake. Ukiweka Malya kando ya Kawama, hata hivyo, linatokea swali ambalo wapenzi wa sanaa za maendeleo hawalipendi. Malya ilianzishwa na wasomi waliokwenda kijijini wakiwa na njia mkononi, njia iliyo nzuri, lakini yao. Mufwankolo na wenzake walikuwa na njia yao wenyewe tangu zamani, na msomi ndiye aliyekuja na swali. Katika hali ya kwanza wanakijiji walishirikishwa, katika ya pili mgeni ndiye aliyeshirikishwa. Matokeo ya kisanaa yanaweza kuwa sawa. Mamlaka juu ya mwisho wa mchezo hayako mahali pamoja.

Haifai kusahau mfano unaovunja ulinganisho huu rahisi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilipangwa juu kabisa, na vipindi vyake vya redio viliandaliwa mjini. Hata hivyo watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadili, na vyoo vikachimbwa kwa wingi vijijini. Mada haikuwa yao. Shimo lilikuwa la kila mmoja nyuma ya nyumba yake, na hapo pengine ndipo tofauti ilipokuwa: aliyechimba ndiye aliyetumia.

Nguzo ya Patata

Mwandishi yuleyule aliyekuwa Malya alikuwa ametoka tu kuchapisha tamthilia ambayo, ikisomwa kando ya mradi huo, inaonekana kuwa hoja dhidi ya matumaini yake mwenyewe. Nguzo Mama ni mchezo wa kazi moja ya umma. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo. Wanaitwa kwa namba, Bi Moja, Bi Pili, hadi Bi Nane, na Bi Msimulizi anatusimulia. Kamba ipo, nguzo ipo, nia ipo, na nyimbo zipo. Nguzo haisimami.

Wahakiki wa jinsia wameusoma mchezo huu kama maelezo ya vikwazo vya ukombozi wa mwanamke: mila za urithi, umaskini, ulevi, uzito wa waume, wivu baina ya wanawake wenyewe. Usomaji huo hauna kosa, lakini unapita haraka mno juu ya kitendo kilichopo jukwaani. Kusimamisha nguzo ni kazi inayotaka watu wote wavute kwa wakati mmoja. Mmoja akiachia kamba kwa sababu ana msiba au mtoto mgonjwa, au pombe yake inaungua, nguzo hurudi chini kwa wote. Muhando hakuchagua kazi ya kugawanyika, kama kulima, ambamo aliyechelewa humaliza kesho. Alichagua kazi isiyosamehe. Kwa uchaguzi huo ameonyesha jambo ambalo ripoti za miradi hulificha: mwito wa kazi ya pamoja huwakuta watu wakiwa tayari wamebeba kazi nyingine, isiyo na jina wala siku, na hiyo ndiyo inayowaangusha.

Namba nazo zina maana. Mhakiki mmoja anaweza kusema kwamba zinamfanya mwanamke awe mwanamke yeyote. Lakini namba ni lugha ya daftari la mahudhurio. Anayehitaji kujua kwamba Bi Tano hakuja leo ni yule anayesimamia kazi, si yule anayevuta kamba pembeni yake, ambaye anajua kwa nini hakuja. Wanawake wa Patata wameingia jukwaani wakiwa wamekwisha kuhesabiwa, na ni vigumu kusadiki kwamba mwandishi aliyefanya kazi miaka mingi karibu na jumuiya za chama hakuisikia sauti hiyo.

Riwaya ya Kezilahabi, Gamba la Nyoka (1979), inayosimulia uanzishwaji wa vijiji vya ujamaa huko Kisole na Bucho, inalitazama jambo hilohilo kutoka upande wa wasimamizi, yaani vijana wasomi Mambosasa na Mamboleo. Ni riwaya yenye uchungu zaidi, na kejeli yake ni kali, lakini kwa suala linalojadiliwa hapa haina kina cha Nguzo Mama. Ndani ya Gamba la Nyoka wanakijiji wanahamishwa au wanakataa kuhamishwa. Ndani ya Nguzo Mama wanataka kazi ifanyike, wanaijua faida yake, na bado haifanyiki. Msiba wa pili ni mgumu zaidi kuueleza, kwani hauna askari wa kulaumiwa.

Tuungane

Mwaka 2007 shirika la International Rescue Committee, likishirikiana na CARE na kwa fedha za serikali ya Uingereza, lilianzisha mradi mkubwa wa ujenzi mpya wa jamii katika Kivu ya Kusini, Maniema, Tanganyika na Haut-Katanga, wilaya ambayo Pweto ilikuwa sehemu yake na ambayo tangu mwaka 2015 ni mkoa. Mradi ulipewa jina la Kiswahili, Tuungane. Wanakijiji walichagua kamati, kamati zikapokea fedha, na shule, zahanati na visima vikajengwa au kukarabatiwa. Lengo lililotangazwa lilizidi majengo: watu wajifunze kuendesha mambo yao kwa uwazi na kwa kura.

Kama jina, Tuungane ni zuri kuliko ushirikishwaji. Ni kitenzi, kiko katika nafsi ya kwanza wingi, na kiko katika dhamira tegemezi, ile ya kuhimizana. Ila dhamira hiyo ina mtego ambao kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuuona: anayesema tuungane amejihesabu ndani ya sisi. Mhadhiri akiwaambia wanafunzi wasafishe darasa atasema safisheni. Akisema tusafishe, anatarajiwa kuokota ufagio.

Bahati nzuri mradi huu ulipimwa kwa makini kuliko karibu mradi mwingine wowote wa aina yake. Macartan Humphreys, Raúl Sánchez de la Sierra na Peter van der Windt, wakiwa na Chuo Kikuu cha Columbia, walitoa ripoti yao mwaka 2012. Vijiji vilivyoingizwa katika mradi, vipatavyo 1,250, vilikuwa vimechaguliwa kwa bahati nasibu ya hadharani, hivyo vilivyobaki nje viliweza kulinganishwa navyo. Kisha zaidi ya vijiji 400, vya pande zote mbili, vilipewa kila kimoja dola 1,000 bila masharti ya jinsi ya kuamua matumizi yake, ili ionekane wangefanyaje. Waliopitia miaka ya mafunzo ya Tuungane hawakutofautiana kwa kiasi cha maana na wale ambao hawakupitia: si katika namna ya kuchagua watu, si katika uwazi wa hesabu, wala si katika ugawaji. Vilevile, katika baadhi ya vijiji mradi ulilazimisha nusu ya wajumbe wa kamati wawe wanawake, na vingine viliachwa huru. Sharti hilo lilipoondoka halikuacha alama iliyoweza kupimwa. Kila aliyeisoma Nguzo Mama angeweza kuwaonya.

Matokeo hayo yamesomwa na wengi kama habari ya kushindwa. Mhakiki wa matini anaweza kuyasoma kwa namna nyingine. Ikiwa kijiji kisichofundishwa na kijiji kilichofundishwa vilizigawa fedha kwa namna ileile, basi kulikuwa na namna iliyokuwapo kabla ya somo. Vijiji hivyo havikuwa karatasi tupu. Vilikuwa na machifu wao, jumuiya za makanisa, vyama vya kuweka akiba na mabishano yao juu ya nani anakula. Namna hiyo inaweza kuwa ya haki au ya dhuluma, na pengine ni mchanganyiko. Lakini ina lugha, na lugha hiyo ndiyo ambayo idara za Kiswahili zingepaswa kuijua na haziijui.

Suala hilo limekuwa la haraka zaidi tangu Kongo ilipoirekebisha sheria yake ya madini, tarehe 9 Machi 2018. Kampuni za migodi zinatakiwa sasa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka, na kutia saini na jamii hizo hati ya masharti inayotaja kila shule na kila daraja. Katika mkoa wenye shaba kama Haut-Katanga hizo si fedha ndogo. Hati hizo ni za Kifaransa cha kisheria. Mikutano ya wanavijiji inayotakiwa kuzizaa haiwezi kufanyika kwa Kifaransa, na katika sehemu kubwa ya mkoa Kiswahili ndicho kitumikacho, kile cha batu na cha kutumika, ambacho mwalimu wa sanifu angekipitishia wino mwekundu. Kati ya kilichosemwa na mzee wa kijiji na kilichoandikwa katika kifungu yupo mfasiri mmoja, na hakuna kamusi aliyotungiwa.